Leva ya loda imeganda: nyundo iweke chini kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Trekta yangu yenye loda ya mbele ilikaa nje miezi miwili ya mvua bila kuwashwa. Nilipoirudisha kazini, leva ikaanza visa. Nikipandisha mikono ya loda kisha nikaiachia leva, hairudi katikati; mikono inaendelea kupanda mpaka niivute mwenyewe. Upande wa kukunja na kumwaga ndoo ndio umeganda kabisa, leva haisogei hata kidogo. Kwa sasa ndoo iko juu, nimeiegemeza kwenye mawe mawili. Jirani ananishauri nipulizie mafuta ya kulegeza kutu kisha nigonge kwa nyundo spuli ya valvu, kile kijiti cha chuma kinachoteleza ndani ya valvu kuelekeza mafuta ya haidroliki. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Usigonge. Na kabla hatujafika kwenye leva, tuanze na hayo mawe, maana ndiyo yaliyoninyima raha niliposoma barua yako. Jiwe huteleza au hupasuka ghafla. Usiingize mkono kuyatoa, wala usimtume mtu. Panda kwenye kiti, washa injini, iache izunguke polepole, mkono mmoja ukiwa tayari kuizima. Pandisha mikono ya loda kidogo tu ili ndoo iachane na mawe, rudisha trekta nyuma mpaka mawe yabaki mbele yako, kisha shusha hadi ndoo ilale chini.

Leva ikigoma kurudi wakati mikono inapanda, zima injini. Pampu ikisimama, mikono nayo inasimama. Lakini ikikwama upande wa kushusha, kuzima injini hakutakusaidia, kwa sababu mikono hushuka kwa uzito wake yenyewe. Kwa hiyo asiwepo mtu karibu, hata wa kukuelekeza.

Ndoo ikishalala, injini ikiwa imezimwa, peleka leva mbele na nyuma mara kadhaa ili presha iliyobaki kwenye silinda za mikono itoke. Ya upande wa ndoo huwezi kuitoa kwa njia hiyo, maana leva imeganda. Basi usifungue mpira wowote wa mafuta unaokwenda kwenye silinda za ndoo. Loda nyingi hufanya kazi kwa presha ya bar 150 hadi 200 hivi, na mafuta yakichomoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi. Kidonda chake huonekana kidogo sana, lakini ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye leva. Jirani yako ameshaamua kwamba kilichoganda ni spuli. Mimi sijaamua, na wewe usiamue mpaka utoe pini moja. Fuata leva mpaka inapoungana na valvu. Utakuta kebo au kifimbo cha chuma kimeshikwa kwenye jicho la spuli kwa pini na klipu. Chomoa pini ya upande wa ndoo, kisha jaribu leva ikiwa peke yake. Ikiwa bado ni ngumu, usianze kuilaumu valvu. Ubovu uko kwenye maungio ya leva yaliyokauka grisi, au ndani ya kebo iliyoingia maji ikashika kutu. Maungio yanafunguliwa, yanasafishwa, yanapakwa grisi na kazi imekwisha. Kebo iliyooza ndani badilisha. Kuipulizia mafuta hukupa siku chache tu, kisha inakugandia tena ukiwa katikati ya kazi. Na hiyo mpya usiikunje kona kali.

Nasisitiza pini hii kwa sababu nimewahi kufungua valvu nzima, mipira yote chini, mafuta yamemwagika, halafu nikakuta spuli inateleza vizuri kabisa. Kilichoganda kilikuwa ekseli ndogo chini ya leva. Siku nzima ya mwenye trekta ilipotea mikononi mwangu, na sikusahau.

Leva ikiwa nyepesi, basi ni spuli. Rudisha pini kwenye jicho lake na uivute kwa hapo. Usiishike spuli kwa plaizi, maana mkwaruzo mmoja juu ya ule mng'ao utakata sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasivuje, kila inapopita. Spuli isiyo na ubovu husogea milimita chache tu, kisha springi huirudisha yenyewe. Yako ya mikono inasogea lakini hairudi, ya ndoo haisogei kabisa, na trekta imenyeshewa miezi miwili. Kwa dalili hizo, mimi ningeanza na kofia zilizo mwisho wa valvu, upande wa pili wa pini. Springi za kurudisha spuli zimo humo, na maji yakiingia kupitia mpira wa kuzuia vumbi uliochanika hukaa humo yakitengeneza kutu.

Safisha nje kwanza, mchanga usiingie. Fungua kofia ya ndoo. Ya mikono ifungue ukiwa umeifunika kitambaa, kwa sababu upande huo ndio kwa kawaida wenye nafasi ya kuelea, ile ambayo leva ikisukumwa mbele kabisa hubaki hapo, na vigololi vyake vidogo na springi huruka visionekane tena. Kausha, ondoa kutu, angalia kama springi imekatika au bolti yake imelegea. Hapa ndipo pa kutumia mafuta ya jirani yako: pulizia, acha usiku kucha, kisha sogeza taratibu huku na huku. Funga na mpira mpya wa vumbi.

Ikigoma bado, legeza kidogo bolti zinazoshikilia valvu kwenye bamba lake, ujaribu tena. Bolti zikikazwa kupita kiasi, au bamba likiwa limepinda, mwili wa valvu hujikunja na kuibana spuli. Nafasi kati yao ni maikromita chache (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu unafika kama 70. Kwa sababu hiyohiyo nyundo na msasa havina kazi hapo, na spuli haihamishwi kwenye tundu la mwenzake. Likishindikana hilo nalo, valvu iende kwa fundi mwenye meza safi. Chungulia pia mafuta ya haidroliki; yakiwa meupe kama maziwa, yana maji, badilisha pamoja na filta.

SWALI: Leva yangu ni nyepesi, lakini ndoo inakunja tu, haimwagi. Nimetoka kuifunga loda jana.

JIBU: Umeifunga jana, basi shuku kapla za mipira, yaani viungio vya kuchomeka vya mipira ya mafuta. Moja haijaingia mpaka mwisho, na kapla iliyoingia nusu inaweza kupitisha mafuta upande mmoja na kuyazuia upande mwingine. Ndoo chini, injini imezimwa, peleka leva kila upande kutoa presha. Chomoa kapla za ndoo, zifute, zisukume mpaka usikie zimeshika, kisha zivute kuhakikisha.