Ukienda Villa Romana del Casale, anzia kwenye matanuru

Mtu akiniambia anakwenda Sisilia, kisiwa cha Italia, kuiona nyumba hii ya shamba ya Warumi, huwa namsihi jambo moja: asikimbilie picha za sakafuni. Najua si rahisi. Mozaiki zake, yaani picha hizo zilizopangwa kwa vijiwe vya rangi, zimetanda zaidi ya mita za mraba 3,000, na mwaka 1997 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Lakini huko hamamuni kuna matanuru ambayo watalii wengi huyapita wakitafuta pa kupigia picha. Simama hapo kwanza.

Kuni ziliingilia hapo. Hewa ya moto ilipita chini ya sakafu iliyobebwa na vinguzo vifupi vya matofali, kisha ikapanda ndani ya kuta kwa mabomba ya udongo. Bwana mwenye nyumba, tajiri wa karne ya 4, alioga bila kugusa jivu. Kuna waliokesha wakichochea. Ukishawafikiria hao, utaingia vyumbani na macho mengine.

Ukumbi wa Mawindo Makuu ndio wa kupiga kambi. Ni ujia wenye urefu wa mita zaidi ya 60, na sakafu yake yote ni wanyama wakikamatwa: mbuni wanabebwa kupandishwa merikebuni, kifaru anakokotwa kutoka kwenye kinamasi. Safari yao ilikuwa kwenda kuuawa kwenye viwanja vya michezo, watu wakishangilia. Wataalamu wengi wanaamini mafundi walitoka Afrika Kaskazini, nami nasadiki, maana wanyama wale wamechorwa na mtu aliyezoea kuwatazama. Tazama pia watu: wanaovuta kamba, wanaobeba, na msimamizi anayempiga mmoja wao kwa fimbo. Tajiri aliona hilo linafaa kuwa pambo la nyumba yake!

Chumba chenye mozaiki mashuhuri ya mabinti wanamichezo waliovaa nguo za vipande viwili utakiona tu, huna haja ya kuelekezwa, foleni itakuonyesha. Ukiwa hapo angalia kona ya chumba: sakafu ya zamani yenye maumbo ya kijiometri inachungulia chini ya hii mpya. Mwenye nyumba alibadili mawazo, fundi akafunika.

Mambo madogo ya safari: kutoka mji wa Piazza Armerina ni kama kilomita 5, na kiangazi jua la huko halina huruma, kwa hiyo wahi asubuhi. Utatembea kwenye madaraja yaliyoinuliwa, unatazama chini. Mwenye macho hafifu achukue darubini ndogo. Usilalamike kwamba huruhusiwi kushuka. Maporomoko ya udongo ya karne ya 12 ndiyo yaliyozifunika na kuzihifadhi hizo sakafu, na uchimbaji mkubwa ulifanyika miaka ya 1950 tu. Nyayo zetu zingezimaliza upesi.