Ukaazi wa Mstaafu katika Jamhuri ya Dominika
SWALI: Mhariri, mimi ni Mkenya mstaafu ninayeishi Uingereza. Je, naweza kuingia Jamhuri ya Dominika kama mtalii, kisha niombe ukaazi wa kudumu hukohuko?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usikate tiketi bado, kwa kuwa kazi huanzia ubalozini, unakoomba viza ya ukaazi, ndipo ukifika Santo Domingo ukamilishe maombi katika idara ya uhamiaji. Mgeni wa kawaida hupewa kwanza ukaazi wa muda, anaouhuisha kwa miaka 5 kabla ya kuomba wa kudumu. Lakini Sheria namba 171-07 humfungulia njia fupi mstaafu anayethibitisha pensheni isiyopungua dola 1,500 za Marekani kwa mwezi. Cheti chako cha kuzaliwa kitahitaji tafsiri rasmi ya Kihispania, kwa hiyo kishughulikie mapema.