Tanga Kuu la Kujikunja: Ushauri kwa Mabaharia Wapya wa Yoti

Atakayeanza kazi kwenye yoti za kukodishwa nchini Ugiriki atakuta kwamba nyingi zina tanga kuu linalokunjwa ndani ya mlingoti. Mtu mmoja huweza kulipunguza bila kuondoka karibu na usukani, na hilo lina thamani kubwa pale meltemi, upepo wa kaskazini unaovuma Bahari ya Aegean wakati wa kiangazi, unapozidi nguvu ghafla.

Gharama ya urahisi huo huonekana kwanza katika umbo la tanga. Kwa kuwa kitambaa huviringishwa kwenye nondo iliyosimama ndani ya mlingoti, hakiwezi kutiwa fito za mlalo za kukikaza, na bila fito hizo ukingo wa nyuma hauwezi kutokeza nje, hivyo eneo la tanga hupungua na chombo hudorora kinapobisha, yaani kinapokwenda dhidi ya upepo. Fito za wima husaidia kidogo, ingawa huongeza unene wa kitu kinachotakiwa kupita kwenye mwanya mwembamba. Tena uzito hubaki juu hata tanga likiwa limekunjwa. (Mwanya huohuo hupiga mluzi usiku kucha bandarini, upepo ukija kwa pembe fulani.)

Wengi huogopa tanga kukwama ndani ya mlingoti, lakini naona mtambo hulaumiwa kupita kiasi. Mara nyingi chanzo ni tanga kuukuu lililolegea, ambalo mikunjo yake hujaza nafasi ndani ya mlingoti, au ni haraka ya mwenye kamba. Unapokunja, kielekeze chombo karibu na upepo ili tanga lipungukiwe na mzigo, legeza demani (kamba ya kuongozea tanga), weka boriti ya chini (mti wa mlalo ulio chini ya tanga) kwenye kimo alichoagiza mtengenezaji, na uiachie kamba ya kona ya nyuma polepole, ikiwa na mkazo kidogo, ili tanga lijiviringe kwa kubana. Winchi ikiwa nzito, simama utazame juu. Ukilazimisha, hasa kwa winchi ya umeme, mkunjo mdogo hugeuka kabari.

Mtambo wa kukunjia ndani ya boriti hukubali fito za mlalo, na ukiharibika tanga kwa kawaida bado huweza kuteremshwa. Hata hivyo ni ghali, na pembe ya boriti na mlingoti, iliyo karibu na digrii 90, ikikosewa kidogo tu kitambaa hujikusanya upande mmoja.

Kwa kuvuka bahari kuu nikiwa na mabaharia wa kutosha, bado ningechagua tanga la kawaida la kutwekwa kwa jarari (kamba ya kupandishia tanga) na kupunguzwa kwa kufungwa kwenye boriti. Wanandoa wazee wenye yoti ya mita 14 ningewashauri wachukue mlingoti wa kukunjia, kwa sharti kwamba wabadilishe tanga mara linapoanza kulegea.