Kabla ya fomula, nenda mwaloni

Vijana hunitumia ujumbe: "Kaka, nataka kuwa kwanti, nianzie wapi?" Kwanti ni mtu anayetumia hisabati kupima bei na hatari kwenye mambo ya fedha. Wengi wa vijana hao fomula ya Black na Scholes ya 1973, ile ya kukadiria bei ya mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa, wameshaikariri, wananizidi hata mimi. Swali langu kwao ni moja: umewahi kushika namba chafu?

Mimi sikuwahi. Nilitoka chuoni na hisabati yangu safi, nikaajiriwa kitengo cha mikopo hapa hapa Mwanza. Kazi ya kwanza ilikuwa kutabiri nani atachelewesha rejesho. Nikajenga modeli, nikaipa marejesho ya kila wiki ya wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa mjini. Kila baada ya wiki chache malipo yanadorora, kisha yanarudi. Nikawaandika "wateja hatarishi", tena kwa wino mwekundu.

Bosi hakubisha, alinipeleka Kirumba tu. Mama mmoja aliyeketi juu ya gunia, magamba yakimeta mpaka viwikoni, akanisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu, hiyo kompyuta yako haijui mbalamwezi?"

Dagaa huvuliwa usiku, wakivutwa na taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, mitumbwi inapumzika, na hela inapumzika nayo. Modeli yangu ilidhani kila wiki inajitegemea, kama sarafu inayorushwa. Nikaongeza safu moja, umri wa mwezi, na "wasumbufu" wangu wengi wakageuka wateja wazuri. Aibu ile bado ninayo.

Kwa hiyo soma uwezekano, takwimu, aljebra ya mstari na lugha ya kompyuta ya Python. Hapo hakuna mkato. Halafu chukua bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam, upige hesabu ya mtikisiko wa bei. Utakuta hisa imekaa siku kadhaa na bei ileile, na fomula itakuapia haina hatari. Kumbe hakuna aliyeinunua wala kuiuza! Hata wakubwa wa fomula hawakupona: Scholes huyohuyo na mwenzake Merton walipewa Nobel ya uchumi 1997. Mwaka uliofuata LTCM, mfuko wa uwekezaji wa Marekani ambamo wao walikuwa washirika, ukaporomoka hadi mabenki yakachanga dola bilioni 3.6 kuunusuru.

Ajira? Usikae kungoja London. Benki, bima na mifuko ya pensheni zina kazi hizi, ila tangazo litasema "afisa vihatarishi", nawe utalipita ukitafuta neno kwanti.

Na ukija kwenye usaili na grafu yako nzuri ya hisa, nitakuuliza iliuzwa lini mara ya mwisho.