Cheti cha polisi ni safi, kwa nini nisijibu "Hapana"?

Swali: Nilipokuwa na miaka 22 nilishtakiwa kwa wizi mdogo wa dukani. Nilikiri kosa, nikatozwa faini na kuilipa siku hiyohiyo. Sasa imepita miaka 14. Nimealikwa kwenye mafunzo ya wiki tatu Marekani, na wakati wa kurudi ningependa kupitia Uingereza kumwona dada yangu. Cheti cha polisi nilichokichukua mwezi uliopita kimetoka safi. Wakala anayenijazia fomu anasema kwa kuwa cheti ni safi, kwenye swali la makosa nijibu "Hapana". Ni sawa?

Jibu: Si sawa, na huyo wakala mzuie kabla hajaituma hiyo fomu.

Lisome swali lenyewe neno kwa neno. Fomu ya viza ya Marekani, DS-160, haikuulizi kama una rekodi. Inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata kama baadaye ulisamehewa. Uzito wote uko kwenye hilo "umewahi". Cheti cha polisi kinajibu swali jingine kabisa: leo, kwenye kumbukumbu zao, kuna nini juu ya mtu huyu? Kinaweza kutoka safi kwa sababu sheria inaruhusu kosa la zamani lisionyeshwe, au kwa sababu tu taarifa za mahakamani hazikuwahi kufika polisi. Kwa vyovyote vile, ulishtakiwa na ukatiwa hatiani. Hata Uingereza, yenye sheria inayomruhusu mtu kutotaja hukumu za zamani anapoomba kazi, sheria hiyo haitumiki kwenye maamuzi ya uhamiaji.

Kinachochosha ni kwamba kwa makosa ya aina yako, mara nyingi uongo unaumiza kuliko kosa lenyewe. Chukua hiyo safari ya kwa dada yako. Kwa mgeni wa matembezi aliyepewa adhabu isiyo ya kifungo, kanuni za Uingereza zinataka iwe imepita zaidi ya miezi 12 tangu siku ya hukumu. Wewe una miaka 14, kwa hiyo kizuizi hicho hakikugusi. Ukijibu "Hapana" wakagundua, hilo sasa ni kosa la udanganyifu, na kwa kawaida maombi yako yatakataliwa kwa miaka 10. Kanada hufunga mlango miaka 5 kwa taarifa za uongo, Australia miaka 3. Marekani haina ukomo: ni maisha, mpaka upewe msamaha maalumu. Na usidhani utahama nchi moja kwenda nyingine kimyakimya, maana hizo nne pamoja na New Zealand hubadilishana taarifa za alama za vidole za waombaji. Pasi mpya haikupi vidole vipya.

Sasa Marekani, ambako kesi yako inahitaji umakini. Wizi kwao huhesabiwa miongoni mwa makosa ya utovu wa maadili, hata ukiwa mdogo. Kuna nafuu kwa aliye na kosa moja tu la aina hiyo, ila ina masharti mawili yanayokwenda pamoja: adhabu ya juu kabisa ambayo sheria iliruhusu isizidi mwaka mmoja jela, na kifungo ulichopewa kisizidi miezi 6. Hilo la pili umelitimiza, maana hukufungwa. La kwanza ndilo huwaangusha wengi, kwa sababu haliangalii ulichotozwa bali kifungu ulichoshtakiwa nacho. Ulitoka na faini, sawa, lakini kama kifungu kiliruhusu hata miaka mitatu jela, nafuu hiyo huna. Hapo viza haifi. Ofisa wa ubalozi anaweza kukupendekeza upewe ruhusa ya kuingia kwa muda licha ya kosa, na uamuzi ukafanywa na mamlaka ya mipaka ya Marekani. Hilo linaweza kuchukua miezi, kwa hiyo usiombe zikiwa zimebaki wiki tatu mafunzo kuanza.

Nenda masijala ya mahakama iliyokuhukumu ukiwa na namba ya kesi. Kama huna, wape jina kama lilivyoandikwa wakati ule, pamoja na mwezi na mwaka. Omba nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka na hukumu, na uthibitisho kwamba faini ililipwa. Ongeza nakala ya kifungu cha sheria kama kilivyosomeka mwaka ule, maana sheria hurekebishwa na adhabu hupanda. Jalada likikosekana, pata barua yenye mhuri inayosema lilitafutwa halikuonekana. Kama hati haziko kwa Kiingereza, zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika.

Barua ya maelezo iwe nusu ukurasa: tarehe, kosa, adhabu, siku uliyomaliza adhabu, na kwamba hakuna jingine tangu hapo. Watu huharibu kwa kuandika kurasa tatu za kumlaumu mlinzi wa duka. Ofisa wa viza hasikilizi rufaa.

Na hao mawakala wanaouza "Hapana" kama huduma wanajua wanachofanya. DS-160 inauliza kama kuna mtu aliyekusaidia kuijaza, lakini anayethibitisha kwamba majibu ni ya kweli ni wewe. Ukifungiwa, yeye ameshalipwa. Wala usimwamini anayekuambia kosa fulani ni "dogo" bila kukuuliza unakwenda nchi gani. Kila nchi hulipima kosa lako kwa sheria zake. Kukutwa na bangi kidogo kunaweza kuishia kwenye faini, lakini ile nafuu ya Marekani haihusu dawa za kulevya hata chembe. Kuendesha gari umelewa, ambako kwingi huonekana jambo la barabarani tu, Kanada tangu Desemba 2018 kuna adhabu ya juu ya miaka 10 na huhesabiwa kosa zito, hivyo miaka kupita peke yake hakulifuti.

Kama fomu imeshatumwa na "Hapana" imo, bado hujachelewa ikiwa hujafanya usaili. Jaza DS-160 mpya yenye jibu sahihi, uende na ukurasa wake wa uthibitisho, na dirishani useme mwenyewe, kabla hujaulizwa, kwamba fomu ya kwanza ilikuwa na kosa. Anayejirekebisha kwa hiari na mapema hahesabiwi kuwa amedanganya. Anayesubiri mpaka ofisa amwekee taarifa mbele yake, nafasi hiyo imeshampita.