Glasi zenye ukungu: maswali yenu kuhusu mashine ya kuoshea vyombo na maji magumu

Shikamoo shangazi. Tulikuwa Glasgow, tumehamia London mashariki na mashine yetu ileile ya vyombo. Sabuni hatujabadilisha. Kule glasi zilikuwa zinang'aa, huku zinatoka na utando mweupe. Fundi anasema mashine ni nzima. Tatizo ni nini?

Marahaba mwanangu. Fundi wako kasema kweli, kilichobadilika ni maji. Glasgow inapata maji kutoka Loch Katrine, ziwa la milimani ambako mwamba hauyeyuki kirahisi, kwa hiyo maji yake ni laini. London inategemea zaidi mito ya Thames na Lea pamoja na visima, na maji hayo yamepita kwenye miamba ya chaki. Yanafika bombani yakiwa na madini mengi ya kalisi na magnesi, ndiyo maana huitwa maji magumu. Yakichemka au yakikauka juu ya glasi, kalisi inaganda na kuwa chokaa, ileile unayoiona ndani ya birika.

Mashine zinazouzwa Ulaya nyingi zina kilainishi cha maji ndani yake: chembechembe za resini zinazokamata kalisi na magnesi na kuachia sodiamu. Resini ikijaa, mashine inaisafisha kwa maji ya chumvi. Ndiyo maana kuna tundu lenye kifuniko cha kuzungusha chini kabisa, kwenye sakafu ya mashine. Sasa, mashine haijui umehamia wapi mpaka uiambie. Nina hakika yenu bado imewekwa kiwango cha chini kabisa, kama ilivyofaa Glasgow, na huenda tundu la chumvi halijawahi kufunguliwa.

Ingia tovuti ya kampuni yenu ya maji, andika msimbo wa posta, utapata ugumu wa maji ya mtaa wenu. Ukiona kipimo kimeandikwa kwa miligramu za kalisi kaboneti kwa lita, gawa kwa 17.8 upate digrii za Kijerumani, ambazo vitabu vingi vya mashine huzitumia. Mfano: 270 ni kama digrii 15. Kuwa makini, kwani kampuni nyingine hutaja kalisi peke yake. Hapo zidisha kwanza kwa 2.5. Maji yanayozidi miligramu 180 huhesabiwa kuwa magumu sana, na sehemu kubwa ya London inavuka hapo.

Weka kilainishi kiwango kinacholingana na kipimo hicho. Kisha, mara ya kwanza, jaza tundu maji, halafu chumvi hadi juu. Futa iliyomwagika, kaza kifuniko, na washa mashine palepale, maana maji ya chumvi yakilala juu ya bati la ndani yanaweza kulitia kutu.

Dada, nitajuaje kama glasi zangu zinaweza kurudi, au nizitupe?

Usitupe kitu kabla ya kujaribu siki. Chukua glasi moja iliyofifia, iloweke nusu tu kwenye siki nyeupe ya vuguvugu kwa dakika kumi na tano, suuza, kausha kwa kitambaa, kisha ishike mbele ya dirisha. Kama nusu iliyolowa imekuwa safi na nyingine bado ina ukungu, hiyo ni chokaa, na glasi zako zote zitapona. Loweka zilizobaki.

Kama nusu zote mbili zinafanana, kioo chenyewe kimelika. Angalia karibu na ukingo na pale chini glasi inapopinda: mara nyingi kulika huanza kwa mng'ao wa rangi rangi kama mafuta juu ya maji, halafu kunakuja weupe usiotoka kwa kitu chochote. Na sababu yake ni kinyume cha ile ya chokaa: maji laini kupita kiasi, sabuni nyingi, joto kali na muda mrefu. Ndiyo sababu sipendi watu wanaoweka kilainishi kiwango cha juu kabisa "kwa usalama". Weka kinacholingana na maji yako. Glasi zioshe kwa programu ya joto la chini, nyuzi 40 hadi 50, na zenye ukingo wa dhahabu zioshe kwa mkono.

Chumvi ya kupikia haifai? Ya mashine ni ghali.

Haifai. Ni laini mno, inashikana na kuziba, tena mara nyingi huchanganywa na vitu vya kuizuia isigandamane, na baadhi ya vitu hivyo ni kalisi na magnesi zilezile unazozikimbia. Nunua chumvi safi ya mawemawe ya mashine. Na kama siku moja vyombo vyote vitatoka na vumbi jeupe linalofutika kwa kidole, kagua kile kifuniko; huenda hakijakaza na chumvi inavuja.

Tuna nyumba ya wageni Paje, Unguja. Maji ni ya kisima. Tunaweka chumvi na dawa ya kusuuzia, lakini madoa hayaishi.

Pole sana. Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, kwa hiyo maji ya kisima kuwa magumu ni jambo la kutarajia. Lakini kisima kilicho karibu na bahari kinaweza kuwa na chumvi pia, na kilainishi cha mashine hakiondoi chumvi hata kidogo.

Pima hivi: gusa doa kavu kwa kidole kilicholowa maji safi. Likiyeyuka mara moja, ni chumvi. Likibaki, ni chokaa. Kama ni chumvi, dawa yake ni maji mengine: mtambo wa kuchuja chumvi, au tangi la maji ya mvua litakalohudumia mashine peke yake. Kusanyeni wakati wa masika. Mkihamia maji ya mvua, shusheni kilainishi hadi sifuri na punguzeni sabuni, la sivyo glasi zitaanza kulika.

Ni mimi tu, au sabuni za zamani zilikuwa bora?

Si wewe tu. Zilikuwa na fosfati, ambayo hufunga kalisi isigande. Ikifika mtoni na ziwani hurutubisha mwani mpaka samaki wanakosa hewa, kwa hiyo Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo kikali kwenye sabuni za mashine kuanzia Januari 2017. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Ila sasa kazi ya fosfati imebaki kwa chumvi na dawa ya kusuuzia, hata kama kidonge chako cha sabuni kimeandikwa "kila kitu ndani". Kwa maji magumu sana, chumvi ya ndani ya kidonge haitoshi.

Naweza kuweka siki kwenye kitundu cha dawa ya kusuuzia?

Usiweke. Siki ikikaa hapo siku zote inaweza kula mipira ya mashine, na haifanyi kazi ya dawa, ambayo ni kuyafanya maji yateleze juu ya kioo bila kuacha matone. Ukitaka kuondoa chokaa ndani ya mashine, tumia asidi ya sitriki mara mojamoja, mashine ikiwa tupu. Usichanganye kamwe siki wala asidi hiyo na dawa ya klorini: hutoa gesi ya sumu.