Mvumo kwenye bustani ndogo

SWALI: Bustani yangu ni mita 8 kwa 10, na jua huipiga kutwa. Napenda miti ya jamii ya mnazi yenye majani kama upepeo. Nimeotesha mbegu ya mvumo kwenye mfuko, miezi imepita, jani sijaliona. Niifukue?

JIBU: Usiifukue, ndugu yangu! Mbegu ya mvumo huteremsha chipukizi ardhini kwanza, mara nyingine zaidi ya nusu mita, ndipo jani lichomoze. Mimi nilipoteza miche 3 kwa kuihamisha. Mizizi ilikuwa imetoboa mifuko, ikakatika. Tangu hapo napanda mbegu pale pale mti utakapoishi.

Ila nikuambie kweli: kwako mvumo utakuwa mkubwa mno. Hata Bismarckia ya Madagaska, yenye majani ya rangi ya fedha ninayoipenda kupita zote, hutanua majani mita 6 na zaidi. Chagua Chamaerops humilis, mti mdogo wa jamii hiyo hiyo wenye majani kama upepeo. Hukua polepole, kwa kawaida haipiti mita 5, na jua haliisumbui. Vikonyo vyake vina miiba, basi iwe mbali na njia ya watoto.

Udongo usituamishe maji, na usifukie shingo ya mche, yaani pale shina linapokutana na mizizi. Majani ya chini yakigeuka manjano, yaache hadi yakauke kabisa. Mti hunyonya kirutubisho cha potasiamu kutoka humo kulisha majani machanga. Ukiyakata mapema, unaunyima chakula.